MIKONO YA WATOTO WETU
Historia fupi ya matunzo kwa njia ya kazi



Katika kitabu hiki cha yubile wengine wameandika historia ya mapadri waliotutangulia, ya kanisa la majani na ya kanisa la matofali, ya masomo na ya zahanati. Sisi makatekista tumepewa nafasi ya kuandika historia nyingine, isiyo na jengo wala picha. Ni historia inayowahusu watoto ambao majina yao yamo katika daftari la Ubatizo, lakini hayamo katika daftari la masomo wala katika daftari la Komunyo ya kwanza. Hawakufa, wala hawakuhama. Wamo nyumbani, nyuma ya pazia ao kando ya jiko. Viungo vyao haviwatii, ao masikio na ngozi yao hupokea mambo ya dunia kwa namna isiyo ya watoto wengine.

Tunataka kuonyesha jambo moja tu: kwamba watoto hao hufundishika, na kwamba msaada wao mkubwa ni kazi na mchezo wa kila siku, vikipangwa kwa akili na uvumilivu. Waliosoma kwa kifaransa huita ufundi huo ergoterapi, yaani matunzo kwa njia ya kazi. Ufundi huo haukupatikana kwa siku moja. Ulitafutwa kwa muda wa miaka mia mbili, na watu wa inchi mbalimbali, na wengine kati yao walikuwa watu wa Eklezia. Tuufuate basi tangu mwanzo wake.

I. WATOTO HAO NI NANI?

Mwalimu yeyote amewaona. Kuna mtoto anayeshika chaki kama anayeshika mpini wa jembe, na kila mara inavunjika. Kuna yule anayeanguka pasipo kujikwaa, na ambaye akiwa na miaka tisa hajaweza kufunga kifungo cha shati. Kuna anayeziba masikio na kulia ngoma zinapopigwa kanisani. Kuna anayekataa kugusa bukari kwa vidole. Kuna asiyeweza kukaa kwenye benchi hata dakika tano, azungukaye na kujigonga ukutani kana kwamba hasikii maumivu. Sisi makatekista huwatambua mapema tunapofundisha ishara ya msalaba. Mkono ukitoka bega la kushoto kwenda bega la kulia, ni lazima ukatishe kifua. Na mara nyingi mkono wa mtoto wa namna hii husimama katikati, usijue njia. Tena kuna wengine ambao ugonjwa wao huonekana na wote: miguu imekazana kama mikasi, shingo haina nguvu, mate yanatiririka.

Wanganga wanatufundisha sababu. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, ao aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, ao aliyekuwa na manjano kali katika siku za kwanza, ao aliyeugua malaria ya ubongo ao homa ya uti wa mgongo, anaweza kubaki na kovu katika ubongo. Ubongo ndio unaoamuru viungo. Ukiumia, amri haifiki sawasawa. Wengine hawana kovu linaloonekana, lakini ubongo wao hupata taabu kupanga mwendo wa mwili. Wanaochunguza wanakadiri kwamba katika watoto mia moja wa masomo ya msingi, watano ao sita wana taabu hiyo. Ndiyo kusema katika darasa la watoto hamsini wamo wawili ao watatu.

Lakini watu wetu wengi hawasemi hivyo. Wanasema: mtoto huyu ni mvivu, apigwe. Ao wanasema: ni ulozi, atolewe nyumbani. Juu ya jambo hilo inchi yetu ilikwisha kupata fundisho. Huko Kwango ulikuwako ugonjwa wa miguu uliokamata watoto na akina mama kwa ghafula. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Miaka mingi baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba unatokana na sumu ya mihogo mikali isiyolowekwa siku za kutosha, hasa watu wasipokuwa na chakula kingine cha kuujenga mwili. Waliokuwa wakimtafuta mlozi walikuwa wakipoteza wakati, na huku mihogo ikiendelea kulemaza watoto. Leo sheria ya inchi ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Mkristu asingoje polisi kumkumbusha jambo hilo.

II. MINYORORO YA GENT

Tusidhani kwamba Ulaya waliwapokea wagonjwa vizuri tangu zamani. Mjini Gent, katika Ubelgiji, wanaume wenye ugonjwa wa akili walifungwa minyororo chini ya jumba la kale la mawe liitwalo Geeraard de Duivelsteen. Kanoni Pieter Jozef Triest, aliyeanzisha Shirika la Frères de la Charité mwaka 1807, alikabidhiwa wagonjwa hao, na mwaka 1815 yeye na mafrere wake wakafungua minyororo. Watu wengine wenye moyo huo walifanya vivyo hivyo katika Ufaransa na Uingereza siku zile.

Kufungua mnyororo ni mwanzo tu. Mtu aliyefunguliwa atafanya nini kutwa nzima? Mwaka 1828 munganga Joseph Guislain alianza kufanya kazi pamoja na Kanoni Triest. Yeye aliona kwamba mgonjwa anayekaa bure huharibika zaidi, na kwamba kazi ya mikono, ikipimwa kwa nguvu zake, humrudisha kidogo kidogo kati ya watu. Mwaka 1857 hospitali mpya ikafunguliwa pale Gent kwa kufuata mawazo hayo. Jina lake si geni kwetu: mjini Lubumbashi Mafrere wana nyumba ya matunzo iitwayo kwa jina la Munganga Joseph Guislain, na mjini Bukavu wapo katika nyumba ya SOSAME.

III. KUFUNDISHA KWA NJIA YA NGOZI, MACHO NA MASIKIO

Matunzo ya Gent yalikuwa ya watu wazima. Kwa watoto mwanzo wake ulikuwa Paris. Mwaka 1800 aliletwa huko mvulana aliyekutwa katika misitu ya Aveyron, asiyesema wala kuvaa nguo, asiyejali baridi wala moto. Wakubwa wa elimu walimtazama wakasema hafai kitu. Munganga kijana Jean Itard, wa chuo cha viziwi, hakukubali. Alimpa mvulana jina la Victor, akamfundisha miaka kadhaa: kumwogesha katika maji ya moto ili ngozi iamke, kumwambia atambue vitu kwa kuvigusa bila kuviona. Victor hakufikia kusema kama watu wengine. Lakini Itard alikuwa ameonyesha njia: kwamba akili ya mtoto huingiliwa kwa milango ya hisi zake.

Mwanafunzi wake Édouard Séguin aliiendeleza njia hiyo pamoja na watoto waliohesabiwa kuwa wajinga kabisa, kwanza Paris, halafu Marekani. Na vitabu vya hao wawili vilisomwa na mwanamke Mkatoliki wa Italia, munganga Maria Montessori. Yeye alianza na watoto wenye upungufu wa akili, na baadaye, mwaka 1907, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Aliwapa watoto herufi za karatasi yenye kukwaruza, wazifuate kwa kidole kabla ya kuziandika. Aliwapa vitambaa vyenye vifungo, wajizoeze kufunga na kufungua. Masista wengi wanaoendesha masomo ya watoto wadogo katika inchi yetu wanatumia vitu hivyo hata leo. Ni vema kukumbuka kwamba vilianza kwa watoto waliokataliwa.

IV. NYUMBA YA FARAJA

Jina la ufundi huu lilianza Marekani. Mtu mmoja, George Edward Barton, fundi wa kuchora ramani za majengo, aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alipokuwa katika matunzo huko Clifton Springs, katika jimbo la New York, alianza kujitibu mwenyewe kwa kazi ya bustani na useremala. Mwaka 1914 akafungua nyumba yake, akaiita Nyumba ya Faraja. Mwezi wa tatu mwaka 1917 walikusanyika humo watu sita, naye akiwa mmoja wao, wakaanzisha chama cha kueneza matunzo kwa njia ya kazi. Kati yao alikuwamo Eleanor Clarke Slagle, aliyefundisha wengi namna ya kupanga siku nzima ya mgonjwa: kuamka, kunawa, kula, kazi, mchezo, pumziko, kila kitu kwa saa yake.

Vita vya kwanza vya dunia viliwarudisha nyumbani maaskari maelfu wenye viungo vilivyovunjika, na ufundi huu ukahitajiwa kila mahali. Mwaka 1930 munganga Elizabeth Casson alifungua chuo chake cha kwanza katika Uingereza, mjini Bristol. Mwaka 1952 vyama vya inchi kumi viliungana kuwa shirikisho la dunia.

V. LONDON NA KALIFORNIA

Baada ya vita vya pili watoto walipata zamu yao. Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi ya mwili, na mume wake munganga Karel Bobath, walikuwa wamekimbia Ujeremani kwa sababu ya udhalimu wa Wanazi. Mwaka 1951 walifungua mjini London mahali pa kuwatunza watoto wenye kovu la ubongo. Siku zile wengi waliwafunga watoto hao vyuma miguuni na kuwaacha. Bobath waliwakalisha, wakawageuza, wakawategemeza kwa mikono, ili mwili uonje mwendo ulio mzuri. Wazazi walifundishwa namna ya kumbeba mtoto na kumvika.

Upande wa Kalifornia alikuwako Anna Jean Ayres, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1988. Alikuwa mtaalamu wa ergoterapi, akarudi chuoni kusoma mambo ya ubongo. Alijiuliza: kwa nini mtoto mwenye macho mazuri na masikio mazuri ashindwe kusoma, kuandika na kucheza na wenzake? Jibu lake aliliandika katika kitabu cha mwaka 1972, na katika kingine cha mwaka 1979 kwa ajili ya wazazi. Alisema kwamba zaidi ya hisi tano tunazozihesabu, zipo mbili zilizofichika. Moja imo ndani ya sikio. Ndiyo inayotuambia kama tumesimama wima ao tunaanguka. Ya pili imo katika misuli na maungio. Kwa hiyo mtu akifumba macho gizani anajua mkono wake ulipo. Ubongo hukusanya habari za hisi zote na kuzipanga, kama vile mkubwa wa soko anavyopanga watu wanaoingia kwa milango mingi. Mpango ukiharibika, mtoto mmoja huona kila sauti kama kishindo, na mwingine huhitaji kuruka na kugonga ili ajisikie kuwa yupo. Ayres aliwapandisha watoto hao kwenye bembea, aliwatambaza, aliwasukuma juu ya vibao vyenye magurudumu. Waliona ni mchezo. Kumbe walikuwa kazini.

VI. MABISHANO YA WENYE ELIMU

Historia ya kweli haifichi mabishano. Wengi walipoifuata njia ya Ayres, wengine walidai ushahidi. Mwaka 2012 chama cha wanganga wa watoto wa Marekani kilitangaza kwamba ushahidi wa matunzo hayo ungali kidogo, na kwamba wazazi waambiwe hivyo wazi. Uchunguzi unaendelea, hasa juu ya watoto wenye otisimu. Vilevile mwaka 2013 wataalamu wa Australia, wakiongozwa na Iona Novak, walipima matunzo mengi ya watoto wenye kovu la ubongo. Waliona kwamba kumgeuza mtoto kwa mikono ya mwingine, yeye mwenyewe akiwa ametulia tu, hakumsaidii sana. Kinachosaidia ni mtoto mwenyewe kurudia kitendo anachokitaka, katika mahali pa maisha yake, wazazi wakimsaidia nyumbani kila siku. Anayetaka kula kwa kijiko ajizoeze kijiko.

Tuangalie jambo hili vizuri, kwa maana linatuhusu. Mama wa kijijini asiye na mashini wala mtaalamu anacho tayari kitu kilichoonekana kusaidia zaidi: nyumba yenye kazi, na mtoto anayetaka kufanya kama ndugu zake.

VII. KARIBU NA KWETU

Kwa jirani zetu wa Rwanda, padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyepokea baadaye uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, alianzisha mwaka 1960 nyumba ya Bikira wa Maskini huko Gatagara. Watoto waliokuwa wakitambaa mavumbini walipata huko masomo, vyuma vya kuwasimamisha na magongo. Padri Fraipont alifariki mwaka 1982, na Frères de la Charité wanaiongoza nyumba hiyo. Ndivyo uzi uliofumwa Gent ulivyofika kwetu. Mjini Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kinapokea watoto walemavu kwa masomo na matunzo. Na mwaka 2022 inchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Hata hivyo vituo ni vichache, njia ni mbaya, na wataalamu wa ergoterapi ni haba sana. Watoto wengi wa vijiji vyetu hawatawaona.

Kwa ajili ya vijiji vya namna hii David Werner, aliyefanya kazi pamoja na walemavu wenyewe katika milima ya Mexico, alitoa mwaka 1987 kitabu kikubwa chenye michoro mingi juu ya watoto walemavu wa vijijini. Humo anaonyesha namna ya kutengeneza viti na magongo kwa miti ya porini. Katika Zimbabwe, Bevill Packer alifundisha watu kutengeneza viti vigumu kwa karatasi kuukuu, katoni na uji wa unga. Viti hivyo huweza kumkalisha mtoto asiye na nguvu ya mgongo, na gharama yake ni jasho tu.

VIII. YATUPASAYO NYUMBANI NA KANISANI

Basi mama na baba wafanye nini? Mtoto asiyeweza kukaa asilishwe akiwa amelala chali ao kichwa kikiwa kimetupwa nyuma, kwa maana chakula kinaweza kuingia mapafuni na kumwua. Akalishwe wima, kichwa kikiinama kidogo mbele. Aliye na mikono mizito apewe udongo wa mfinyanzi aufinyange, maharagi ayachambue, kinu kidogo atwange. Anayerukaruka apewe kazi ya kubeba na kusukuma inayolingana na mwili wake: kibidoni cha maji, kuni chache. Bembea ya kamba chini ya mwembe hugharimu kidogo. Aliye mgumu wa kuguswa asishikwe kwa ghafula, aonywe kwanza. Kazi igawanywe vipande: leo aingize mkono mmoja wa shati, wiki ijayo wa pili. Tusimdanganye mzazi: kovu la ubongo haliondoki. Lakini mtoto anayejilisha na kujivika amepata sehemu kubwa ya uhuru wake, na mama yake amepata nafasi ya kwenda shamba.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwamba miaka ya kwanza ndiyo mizuri zaidi kwa mazoezi. Lakini fimbo haikunji samaki huyu; humvunja. Mtoto asiyeweza kutulia hatatulia kwa kupigwa, kama vile kiziwi hatasikia kwa kupigiwa kelele.

Na kanisani? Anayeogopa ngoma akae karibu na mlango, mbali na ngoma, na watu wasimkemee akitoka kidogo. Katika fundisho, yule asiyeweza kuandika ajibu kwa mdomo. Asiyeweza kusema aonyeshe kwa picha. Ishara ya msalaba tumfundishe tukiwa nyuma yake, mkono wetu ukiongoza wake, siku nyingi bila haraka, hadi siku ile tutakapoona kwamba mkono wetu unafuata na wake unatangulia.

Wazee wetu husema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo, katika mwaka huu wa yubile, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ya kikristu itembelee nyumba zake, iandike majina ya watoto waliobaki nyuma ya pazia, na kuyaleta kwa katekista. Pili, maseremala wetu watengeneze viti vyenye mikono na kamba ya kifuani, vya kutumiwa katika darasa la fundisho na katika masomo ya msingi. Tatu, tunawaelekea ninyi, waheshimiwa mapadri na masista mliokuja kufurahi pamoja nasi: mtusaidie kumtuma kijana mmoja wa parokia, mume ao mke, akasome ufundi huu, kisha arudi kutufundisha.

Majengo tunayoyafurahia leo yalijengwa na mikono ya wazazi wetu, mikono iliyofundishwa kupiga tofali na kuweka bati. Katika yubile itakayokuja, wajukuu wetu watasoma madaftari yetu. Tunaomba wakute kwamba kila jina lililoandikwa katika lile la Ubatizo lilifuatwa, likaitwa, likapewa nafasi kwenye benchi.